UCHUNGUZI WA HITILAFU ZA INJINI YA GARI BAADA YA KUUNDWA UPYA: MAELEZO KWA MADEREVA, MAAFISA USAFIRISHAJI NA WAKAZI WA KASHAULILI

Watumishi wa umma na wakazi wa Kata ya Kashaulili, Manispaa ya Mpanda, wanaoendesha au kumiliki magari wanaombwa kusoma maelezo haya na kuyahifadhi mahali ambapo yatapatikana kwa urahisi. Yanahusu jambo linalowagharimu wengi fedha na muda: gari ambalo injini yake imefumuliwa, ikatiwa vipuri vipya na kufungwa tena, lakini likatoka gereji likiwa na kasoro ambayo haikuwapo hapo awali, au na ile ile iliyolipeleka huko.

Katika hali hiyo neno la kwanza kusikika kwa kawaida ni kwamba injini ifunguliwe tena. Ni neno la haraka, na mara nyingi si la lazima. Kufungua injini mara ya pili maana yake ni kununua gasketi nyingine, kumwaga oili ambayo haijatembea na kulisimamisha gari kwa siku nyingi. Aidha, kila injini inapofunguliwa hupata nafasi nyingine ya kuingia mchanga. Kasoro nyingi zinazojitokeza katika siku za mwanzo haziko ndani ya injini. Ziko nje yake, katika kitu kilichosahauliwa, kilicholegea au kilichorudishwa kinyume. Kwa hiyo kanuni inayosisitizwa katika maelezo haya yote ni moja: kianze kupimwa kilicho rahisi na cha nje, ndipo kifuate kilicho kigumu na cha ndani.

1. KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU SISI ZAIDI

Mpanda ni mji ulio mbali na bandari na viwanda. Reli iletayo mizigo kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na hata baada ya Mkoa wa Katavi kuanzishwa mwaka 2012 vipuri vingi bado husafiri mwendo mrefu kabla ya kutufikia. Kipuri kilichoharibika kwa uzembe hakipatikani dukani jioni ile ile.

Pili, yapo mazingira yetu. Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake kina vumbi jingi. Mambo hayo mawili, mwinuko na vumbi, huigusa injini mpya moja kwa moja, kama itakavyoelezwa.

Tatu, yapo maisha ya watu. Gari la kubebea wagonjwa linaloitwa Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, husafiri zaidi ya kilomita 100 kumfikisha mgonjwa Mpanda. Likizimika njiani usiku, hakuna gereji jirani.

2. KABLA YA KUWASHA KWA MARA YA KWANZA

Madhara makubwa kwa injini iliyoundwa upya huweza kutokea katika dakika ya kwanza ya uhai wake. Sababu ni kwamba nafasi kati ya krenki na beringi zake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Katika magari madogo mara nyingi ni kati ya milimita 0.03 na 0.06, yaani pungufu ya unene wa unywele wa mtu. Nafasi hiyo hushikiliwa na utando wa oili. Utando usipokuwapo, chuma husugua chuma.

Hivyo basi, mwenye gari au dereva anayo haki ya kuwapo siku ya kuwasha, na kuhakikisha mambo yafuatayo:

(a) Oili ya aina iliyoelekezwa imetiwa hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia, na filta ni mpya.

(b) Maji ya rejeta yamejazwa, na hewa iliyonaswa imetolewa.

(c) Injini imezungushwa na stata bila kuachiwa kuwaka, kwa vipindi vifupi, hadi taa ya oili kwenye dashibodi izimike au geji ioneshe kwamba msukumo umepanda. Katika gari la petroli hufanyika kwa kukata umeme wa plagi na kuzuia petroli isiingie. Katika gari la dizeli la aina ya zamani hufanyika kwa kuchomoa waya wa swichi inayoruhusu dizeli kuingia kwenye pampu.

(d) Hakuna kitambaa, nati wala kipande cha gasketi ya zamani kilichobaki katika njia ya hewa.

3. INJINI INAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI

Injini haihitaji mambo mengi ili iwake. Inahitaji hewa iliyobanwa vya kutosha, mafuta safi kwa kiasi chake, na mwako unaotokea kwa wakati wake. Gari likikataa kuwaka, mojawapo ya hayo halipo. Fundi anayeuliza maswali hayo matatu kwa utaratibu hufika haraka kuliko anayebadilisha kipuri kimoja baada ya kingine.

Kwa gari la petroli, kwanza itazamwe kama plagi zinatoa cheche. Pili, kama petroli inafika. Tatu, na hili ndilo husahauliwa zaidi, kama cheche inatokea kwa wakati. Kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo alama ya krenki yaweza kuwa mahali pake hali silinda ya kwanza haiko mwisho wa kubana bali mwisho wa kutoa moshi. Distribyuta ikifungwa katika hali hiyo, kila cheche itatokea mzunguko mzima nje ya wakati. Dalili zake ni injini kurudisha moto kwenye kabureta, au kupiga mshindo katika bomba la moshi bila kuwaka. Tiba yake ni kuichomoa distribyuta na kuigeuza nusu ya mzunguko. Injini haifunguliwi kamwe kwa sababu hiyo. Aidha, mpangilio wa nyaya za plagi uhakikiwe. Kwa injini nyingi za silinda nne zilizopangwa kwa mstari, utaratibu wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Kwa gari la dizeli, adui wa kwanza ni hewa ndani ya mabomba ya mafuta. Dizeli ikichanganyika na hewa, pampu hubana hewa badala ya kusukuma mafuta, na nozeli hazinyunyizi. Hewa itolewe kwa pampu ya mkono iliyoko juu ya filta hadi mapovu yakome, kisha nati za mabomba ya nozeli zilegezwe kidogo huku stata ikizungusha, hadi dizeli itoke bila mapovu. Baada ya hapo ndipo itazamwe alama ya pampu na ya mkanda au mnyororo wa taimingi.

TAHADHARI: Utaratibu wa kulegeza nati za nozeli ni kwa injini za dizeli za mtindo wa zamani tu. Magari mengi ya sasa yana bomba moja la pamoja linalohifadhi dizeli kwa msukumo mkubwa mno, unaozidi mara elfu moja ule wa hewa ya kawaida. Mchirizi wake hupenya ngozi na kuingia mwilini. Nati za injini ya namna hiyo zisilegezwe kamwe wakati injini inazunguka, na anayechomwa na mchirizi huo apelekwe hospitali mara moja hata kama jeraha ni dogo kwa macho.

4. INJINI IMEWAKA, LAKINI TAA YA OILI HAIZIMIKI

Taa ya oili inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache. Isipozimika, injini izimwe papo hapo. Hapa hapana mjadala wala kusubiri ione kama itazimika yenyewe.

Uchunguzi uende kwa utaratibu huu: kiwango cha oili, filta, kama ni ya gari hilo, kisha ifunguliwe swichi ya taa na mahali pake ifungwe geji ya kupimia msukumo. Swichi mbovu ya bei ndogo imewahi kuhukumu injini nyingi nzima. Geji ikithibitisha kwamba msukumo haupo kweli, ndipo lishushwe bakuli la oili na kutazamwa bomba la kunyonyea. Raba yake ikikatika au kusahauliwa, pampu hunyonya hewa. Yapo pia matundu ya njia za oili ambayo hufunguliwa ili bloku ioshwe, na vifuniko vyake vidogo hubaki mezani. Sababu ya mwisho kufikiriwa ni krenki kuchongwa kwa saizi moja, kama vile 0.25, na kuwekewa beringi za saizi nyingine.

5. RANGI ZA MOSHI NA MAANA ZAKE

Moshi ni barua inayoandikwa na injini. Anayeijua rangi yake huisoma akiwa amesimama nyuma ya gari.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Katika kilomita mia chache za mwanzo moshi mwepesi wa buluu si ajabu, kwa kuwa ringi za pistoni bado hazijakaa sawasawa na kuta za silinda. Ukiendelea bila kupungua baada ya kilomita 1,000, zifikiriwe sili za vali, bomba la kupumulia lililoziba, au ringi zilizowekwa juu chini au nafasi zake zikiwa zimelingana.

Moshi mweupe katika dizeli asubuhi, wenye harufu kali ya mafuta yasiyoungua, huonesha kwamba dizeli inanyunyizwa kwa kuchelewa, au plagi za kupasha moto hazifanyi kazi, au mgandamizo ni mdogo. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja nje, huelekeza kwenye gasketi ya hedi au hedi yenye ufa.

Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Kichujio cha hewa kitazamwe kwanza. Pampu na nozeli zifuate.

6. GARI LINACHEMSHA

Injini mpya ina msuguano zaidi kuliko iliyokwisha kuzoea, kwa hiyo geji ya joto kupanda kidogo kuliko zamani katika siku za mwanzo si hitilafu. Kuchemsha ni jambo jingine.

Sababu ya kawaida ni hewa iliyonaswa katika mfumo wa maji. Gari liegeshwe pua ikiwa juu kidogo, mfuniko wa rejeta uondolewe injini ikiwa baridi, hita ya ndani ifunguliwe, kisha injini iwashwe na maji yaongezwe kadiri yanavyoshuka. Mapovu ya mwanzo ni hewa hiyo ikitoka, nayo hukoma. Mapovu yasiyokoma, yanayozidi kila injini inapopigwa resi, ni gesi ya mwako inayopenya kwenye gasketi, na hiyo ni sababu halali ya kushusha hedi.

Thamostati nayo hupimwa kwa urahisi jikoni. Itumbukizwe ndani ya sufuria ya maji na kupashwa moto. Nyingi hufunguka kati ya nyuzi joto 76 na 88, na inapaswa kuwa wazi kabisa maji yakianza kutokota. Ikumbukwe kwamba kwa mwinuko wetu maji hutokota kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100. Kwa sababu hiyo hiyo mfuniko wa rejeta kwetu si kifuniko tu. Ndio unaobana maji ili yasitokote mapema. Mfuniko uliolegea springi yake huweza kuchemsha injini iliyo nzima kabisa.

Jambo jingine la kuuliza ni iwapo gasketi ya hedi iliwekwa upande wake. Zipo gasketi ambazo zikigeuzwa huingia kwenye bolti bila shida, lakini huziba matundu ya maji yanayopanda kwenye hedi. Rejeta ile ile iliyokaa wazi gereji kwa wiki kadhaa huweza pia kuziba kwa kutu iliyokauka.

7. INJINI INAGONGA AU KUMISI

Sauti ya tiki-tiki nyepesi juu ya injini kwa kawaida ni nafasi ya vali isiyo sahihi. Hurekebishwa kwa kupima. Mgongo mzito kutoka chini, unaozidi gari linapobeba mzigo, ni wa beringi, na injini izimwe.

Kujua ni silinda ipi yenye kasoro, injini iachwe kwenye sailensa, kisha silinda zinyimwe kazi moja baada ya nyingine: kwa petroli, kwa kuchomoa plagi ya umeme ya koili au ya nozeli, kwa dizeli ya zamani, kwa kulegeza nati ya bomba la nozeli. Ikiwa injini inapungua nguvu waziwazi, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Ikiwa hakuna badiliko lolote, hiyo ndiyo iliyolala. Ikiwa mgongo unapungua silinda fulani inaponyimwa kazi, beringi ya silinda hiyo ndiyo mtuhumiwa.

Baada ya hapo hupimwa mgandamizo. Tuchukue mfano wa injini ya petroli ya silinda nne inayosoma kilo 11, 11, 7 na 11 kwa sentimita ya mraba. Silinda ya tatu ni dhaifu. Kijiko kimoja cha oili kitiwe ndani yake na ipimwe tena. Ikipanda hadi 10, oili imeziba nafasi ya ringi, na kasoro iko kwenye ringi au ukuta wa silinda. Ikibaki 7, kasoro iko kwenye vali au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa dhaifu pamoja, gasketi imepasuka kati yao. Silinda zote zikiwa chini kwa kiasi kimoja, zitazamwe alama za taimingi kabla ya kumlaumu aliyefunga ringi.

Hapa mwinuko wetu unaingia tena. Hewa ya Mpanda ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi kidogo ya sehemu moja kwa kumi, na geji ya mgandamizo itasoma pungufu kwa kadiri hiyo. Injini inayosoma 13 Dar es Salaam haitasoma 13 Kashaulili. Fundi asiyelijua hilo huweza kuihukumu injini nzima kuwa mbovu. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo shahidi wa kuaminika zaidi.

8. MFANO WA KUZINGATIA

Tuseme gari la kubebea wagonjwa aina ya Toyota Land Cruiser, lenye injini ya dizeli ya 1HZ yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, limetoka kuundwa injini upya. Mchana linawaka vizuri. Asubuhi halitaki kuwaka, na likiwaka linatetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika kadhaa. Gereji inasema ringi hazikukaa, ifumuliwe tena.

Dereva makini anasema: kama ringi ni mbovu, mbona mchana linavuta mlima? Anasema pia kwamba asubuhi akipiga pampu ya mkono mara ishirini, gari huwaka mara moja. Jambo hilo la pili ndilo jibu lenyewe. Pampu ya mkono haiongezi mgandamizo. Inarudisha dizeli iliyoteremka. Maana yake ni kwamba usiku hewa huingia mahali fulani kati ya tangi na pampu, na dizeli hurudi chini kwenye tangi.

Ili kuthibitisha, bomba la mpira lenye kuona ndani hufungwa baada ya filta na mapovu kutazamwa. Kisha gari hunyonyeshwa dizeli safi kutoka kwenye dumu lililowekwa juu ya kiwango cha pampu, likalazwa usiku kucha. Likiwaka asubuhi kwa mara moja, injini haina hatia. Kinachohitajika ni kipande cha mpira na klipu mbili, pengine vilivyochubuka siku injini iliposhushwa. Lau gari hilo lingefumuliwa tena, lingerudi na ugonjwa ule ule, na wagonjwa wangekosa gari kwa muda wote huo bila faida.

9. KILOMITA 1,000 ZA MWANZO

Injini ikishawaka na kukaguliwa, kazi bado haijaisha. Ringi na kuta za silinda zinahitaji kusuguana kwa kiasi ili zikae pamoja, na kinachozisukuma ringi dhidi ya ukuta ni msukumo wa gesi ya mwako. Kwa hiyo dereva anayeiacha injini ikinguruma kwenye sailensa saa nzima kwa kudhani anaitunza, anaichelewesha. Anayebeba shehena nzito au kukimbia mwendo wa juu siku ya kwanza anaiua. Njia iliyo sawa ni ya katikati:

(a) Liendeshwe kwa mwendo unaobadilika, likiongezwa mwendo kwa upole na kuachiwa, bila kuvuta gari jingine. Mwendo wa kwenda na kurudi Sitalike, wa kilomita 70 hivi, unafaa kwa siku ya kwanza, kwa kuwa msaada hauko mbali.

(b) Kiwango cha oili na maji kipimwe kila asubuhi injini ikiwa baridi.

(c) Oili ya kwanza imwagwe karibu na kilomita 500 na ya pili karibu na 1,000, isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kinaelekeza vinginevyo. Vumbi laini la kijivu katika oili ya kwanza ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa na kushikika kwa vidole si vya kawaida.

(d) Bolti za hedi zikazwe tena pale tu kitabu kinapoagiza. Bolti za kisasa za kukazwa kwa nyuzi za mzunguko hazikazwi mara ya pili.

(e) Mfumo wa kuingiza hewa ukaguliwe wote, si kichujio pekee. Vumbi letu la kiangazi lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha ringi. Klipu moja iliyolegea nyuma ya kichujio huingiza vumbi bila kuchujwa, na injini iliyogharimu fedha nyingi huweza kuanza kula oili kabla ya masika.

(f) Dizeli au petroli ya madumu na chupa iepukwe katika kipindi hiki. Maji na uchafu wake huishia kwenye pampu na nozeli.

10. WAJIBU WA KILA MMOJA

Magari ya Serikali hutengenezwa kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), ulioanzishwa mwaka 2005, au kwenye gereji inayoruhusiwa kwa utaratibu. Maafisa usafirishaji wanakumbushwa kupokea gari kwa maandishi: vipimo vya krenki na silinda, saizi ya pistoni na beringi zilizofungwa, masomo ya mgandamizo ya kila silinda, na vipuri vya zamani vilivyoondolewa. Karatasi hiyo ikikaa katika jalada la gari, swali litakalozuka baada ya miezi mitatu litajibiwa kwa dakika tatu.

Madereva wanatakiwa kuandika katika kitabu cha safari dalili wanazoziona kama zilivyo, bila kuandika hukumu. "Halikuwaka saa 12 asubuhi, lilitoa moshi mweupe, liliwaka baada ya kupiga pampu ya mkono" ni taarifa inayomfaa fundi. "Injini mbovu" haimfai mtu yeyote.

Wakazi wenye magari na bodaboda binafsi nao wanashauriwa kudai stakabadhi na vipuri vyao vya zamani, na kukubaliana na fundi mapema ni nani atabeba gharama ikiwa kasoro itaonekana kabla ya kilomita 1,000. Kukubaliana kabla ya kazi huhifadhi ujirani. Kubishana baada ya kazi huuvunja.

Mafundi wetu, kwa upande wao, wanaombwa wasione haya kusema "ngoja nipime." Mji huu uliwashiwa taa kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na ujuzi wa injini haujawahi kukosekana hapa. Kinachopungua mara nyingine ni subira ya kupima kabla ya kufungua. Waswahili wamekwisha kusema kwamba haraka haraka haina baraka, na katika injini iliyoundwa upya maneno hayo yana bei inayohesabika kwa shilingi, na wakati mwingine kwa uhai wa mgonjwa anayesubiri gari barabarani.

Kila mwenye kupata maelezo haya anaombwa kumsomea na dereva au fundi ambaye hayajamfikia.